Programu Yangu na Magunia ya Misigiri

Jumatatu, 7 Juni 1999
Kompyuta imefika kiwandani! Imeteremshwa kutoka kwenye lori la mashudu, ikapanguswa vumbi, ikawekwa kwenye chumba chenye feni. Mzee Sultani, mwenye kiwanda hiki cha kukamua alizeti, ametuita mimi na karani mwenzangu Febronia. Amesema amechoka kutuma lori kwenye ghala letu la Issuna na kuambiwa magunia yaliondoka juzi. Anataka kuona ghala lipi lina nini na lori lipi limekwenda wapi. Na programu isiwe ya kununua tayari, tuijenge wenyewe. Kumbe zipo programu za kutengenezea programu! Unajichorea fomu zako na vitufe vyako, kama kununua kitambaa ukashona unavyotaka. Kila mmoja wetu atafute ya kwake. Atakayechagua vizuri atakuwa Mkuu wa Kompyuta, na feni ni yake.

Nimemwambia Mzee kuwa kompyuta nimezizoea tangu nikiwa Arusha. Kweli tupu. Mwaka 1996 nilikaa karibu na moja dakika arobaini, nikimsubiri mtu.

Jumanne, 8 Juni
Febronia amekwisha pata. Disketi tatu, kaka yake kampa kutoka Dodoma. Nimechungulia. Kioo cheusi, maandishi meupe, picha hakuna! Kama tangazo la msiba. Halafu asubuhi nzima alikuwa uani akiwauliza madereva na watunza ghala wanahitaji kuandika nini. Kuwauliza madereva! Nimecheka mpaka chai ikanipalia.

Jumatano, 9 Juni
Nimempata Leonard. Anauza programu, katoka Dar, kafikia nyumba ya wageni karibu na stendi. Tai nyekundu. Programu yake ina rangi kumi na sita, na ukibonyeza kitufe inapiga kengele! Alitaka kujua tuna maghala mangapi na magunia yanatembeaje. Nimemwambia hayo ni mambo madogo. Mimi nilikuwa na swali moja tu: jina langu linaweza kukaa juu kabisa? Amesema linaweza, na likawaka na kuzimika.

Nimechagua.

Ijumaa, 11 Juni
Siku mbili najenga. Fomu inapendeza kama kanga mpya. Ilikuwa na safu mbili, magunia yaliyoingia na magunia yaliyotoka. Zikabanana, jina langu likakosa nafasi. Nimeifuta ya yaliyotoka.

Leo nimegundua sehemu tamu kuliko zote: ruhusa. Programu inauliza nani afanye nini. Msimamizi Mkuu: mimi, Mughwai. Febronia: kuangalia tu, tena Jumanne. Kwa Mzee Sultani nimefikiri sana. Ana shughuli nyingi, si vizuri kumsumbua. Nimemwandika Mgeni.

Jumatatu, 14 Juni
Ushindi! Febronia alionyesha kile kioo chake cha msiba. Mzee akatikisa kichwa taratibu. Ikaja zamu yangu. Jina likawaka, kengele ikalia, Mzee akacheka kama mtoto, akataka ilie tena. Tumeipiga mara saba.

Febronia akauliza, kwa sauti yake ileile ya upole, “Sasa magunia yanayotoka unayaandika wapi?”

Nikamwambia aache wivu.

Nimehamia kwenye chumba cha feni.

Jumatano, 16 Juni
Sitaki kuandika. Lakini nitaandika.

Jana jioni alizeti ilikaribia kwisha kiwandani. Nikafungua programu. Ghala la Misigiri, magunia mia nne! Leo alfajiri nikamtuma dereva wetu Alute. Saa mbili mashine zikasimama. Wateja wakapanga madumu yao getini, wafanyakazi wakakaa kivulini. Nikawatuliza wote. Nikawaambia kompyuta imekwisha sema.

Saa sita Alute karudi na lori tupu. Akampa Mzee shikamoo, kisha akaeleza kwamba ghala la Misigiri limefagiwa, na ndani kuna kuku mmoja anaatamia. Magunia yalitoka wiki iliyopita. Aliyatoa yeye mwenyewe.

Mzee akageuka. Akaenda kwenye kompyuta, akaandika jina lake kwa kidole kimoja. Kengele ikalia. Kioo chote kikawa chekundu: KARIBU MGENI. HUNA RUHUSA.

Akasoma. Akasoma tena. Akavua miwani.

“Mughwai. Kiwanda hiki kina miaka tisa. Mimi ni mgeni wa nani?”

Nikamjibu, “Mzee, ni mgeni wa heshima.”

Kule uani mtu akacheka. Naamini ni Alute.

Febronia akaomba nafasi, akaingiza disketi zake. Hata dakika tano hazikupita. Magunia mia mbili na kumi yapo Issuna, yameingia Ijumaa, hayajatoka. Alute akageuza lori. Saa kumi mashine zikanguruma, watu wakashangilia. Nami nilishangilia kidogo, kwa nyuma.

Alhamisi, 17 Juni
Febronia ndiye Mkuu wa Kompyuta. Leonard kaja kuchukua programu yake na hakunisalimia. Mzee alitaka nifukuzwe. Febronia kamsihi, kasema nina mwandiko mzuri, nikae getini niandike magunia yanayotoka. Amenitetea mbele ya watu wote, bila hata kunisimanga! Ningejua la kusema kama angenitukana. Nilimshukuru.

Getini kuna jua.

Jumamosi, 19 Juni
Mambo yamegeuka! Mama Martina, mwenye nyumba ya wageni kule Mwankoko, amekuja kununua mafuta. Naye kanunua kompyuta. Akauliza hapa nani anajua kuchagua programu. Febronia alikuwa Issuna. Nikamwambia, “Mama, umefika.”

Akataka nipite kwake nione vyumba, nizungumze na wahudumu. Nimemwambia asijisumbue. Nyumba za wageni nimelala mbili.

Nimeyapima kwa makini yaliyotokea kiwandani, na kosa nimeliona. Cheo kilikuwa kidogo. Msimamizi Mkuu! Nani angenisikiliza? Kwa Mama Martina nimekwisha jiandika Mkurugenzi.