Korongo wa Kusimama

Jumatano, 20 Machi

Barafu ya mtoni imevunjika. Maji yametapakaa kwenye malisho yote, yanagusa uzio wa kanisa. Na mwanangu Rimgaudas ameshusha mkoba wa kamera kutoka juu ya kabati. Amestaafu! Daktari kasema moyo umechoka, asiguse maji baridi, asipande mtumbwi. Miaka arobaini amepiga picha za ndege wa mafuriko, amelowa hadi kiunoni. Haitoshi? Ana miaka sitini na moja na ndiye mtoto pekee niliyebaki naye. Nimemwambia hivyo. Kajibu kwamba kabla ya Pasaka atakuwa kule majini. Akaacha supu nusu.

Basi nimepata dawa yake. Kisiwa chetu kizima kinajua: korongo wa kwanza unayemwona baridi ikiisha ndiye anayeamua mwaka wako. Ukimwona anaruka, utasafiri. Ukimwona amesimama, utakaa nyumbani. Rimgaudas atamwona amesimama. Nitahakikisha.

Jumamosi, 23 Machi

Mapazia ya upande wa malisho nimeyafunga. Nimemwambia mwanga unaharibu dawa za moyo. Hakubisha. Zamani angebisha, mbishi huyu tangu tumboni. Akitoka nje namfuata na kofia, namshushia ukingo hadi machoni, asije akatazama juu. Kajigonga kwenye mlango wa banda. Nundu kama yai la bata. Nimempaka siagi.

Jirani Elvyra ana korongo wa plastiki bustanini. Nimemwomba aniazime siku mbili tu. Kakataa. Eti korongo wake hajazoea nyumba za watu. Mwanamke huyo tulibatizwa naye siku moja, na bado anasema yeye alitangulia.

Jumapili, 24 Machi

Nimemtengeneza korongo mwenyewe. Foronya, nyasi kavu ndani. Miguu ni mipini ya reki, nimeipaka rangi nyekundu. Macho ni vifungo vya koti la marehemu baba yake Rimgaudas. Mdomo ni karoti. Nimemsimamisha kando ya kisima. Kapendeza.

Elvyra kapita akitoka misa. Kaniuliza bata wangu ameanza kuugua lini.

Jumatatu, 25 Machi. Siku ya Korongo

Nilimwamsha mapema, maana leo ndiyo siku korongo hurudi kutoka kusini. Nikamshika mkono hadi kisimani, kofia machoni. Nikamfunua, nikasema tazama.

Akatazama. Huyu ni mtu aliyewafuata korongo hadi Tanzania, akaniletea kanga ambayo hadi leo nafunikia mkate. Akasema korongo huyu ana macho ya baba. Nikasema ndege nao hufanana na watu.

Mguu mmoja ulikuwa umechomoka. Akainama aurudishe. Hapo ndipo nilipoiona mikono yake. Mara tatu mguu ulikataa kuingia tundu lake. Vidole vilicheza kama vya mzee wa miaka tisini. Nikasema ni baridi hii. Akasema si baridi, ni tangu Desemba. Kamera ameshazigawa kwa watu. Mkobani mna sweta.

Nikamuuliza kwa nini basi ananitisha kila siku kwamba anakwenda.

"Ukiacha kunizuia, mama, utaanza kunihurumia."

Tukasimama pale watatu, na yule wa foronya. Sikulia. Nikamwambia twende, uji unapoa. Uji nilikuwa sijaupika.

Jumatano, 27 Machi

Korongo wa kweli wamefika, dume na jike. Wametua kwa Elvyra, kwenye kiota chao cha kila mwaka, wangetua wapi kwingine. Nimefungua pazia. Rimgaudas akawatazama kutwa nzima, mikono ameibana kwapani. Kanieleza yule dume alivyokuwa mwaka wa mafuriko makubwa, na mwaka wa kiota kilichoungua, na mwaka ambao jike hakurudi. Sauti ya chini, kama tunavyotajiana wafu siku ya kuzuru makaburi. Nikamenya viazi. Nilimenya vya watu kumi, tuko wawili.

Jioni Elvyra kaleta chapati za viazi na maziwa mgando. Kumbe naye alishaiona mikono ya Rimgaudas, kanisani. Hakutoa neno la kejeli hata moja. Akanishika bega. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nimeapa mbele ya msalaba wa jikoni. Simdanganyi tena, simfungii, simfuati na kofia. Ni mtu mzima.

Ijumaa, 29 Machi

Nimefikiri vizuri. Kinachotetemeka ni mikono. Miguu yake ni mizima, bado anaweza kuniponyoka!

Asubuhi nimekwenda kwa Elvyra, nikafunga mtumbwi wake, ule Rimgaudas anaouazima kila mafuriko, kwenye mti. Mnyororo wa ng'ombe, kufuli mbili. Funguo nimezifukia kwenye pipa la unga. Elvyra kapayuka mpaka padri katoka na sabuni ya kunyolea usoni. Kaniita mwizi, kaniita kichaa, kasema hata siku ya ubatizo nililia mpaka nikawaharibia wenzangu. Nikasikia raha. Ni Elvyra wangu yuleyule.

Rimgaudas akaja uani amevimba kwa hasira. Akauliza kwa ukali nani amefunga mtumbwi, maana yeye kesho alfajiri alikuwa anaondoka, na hakuna mwanamke wa kumzuia.

"Thubutu," nikamwambia.

Mchana kala sahani mbili, akaomba na mkate. Mkono ulimwaga mchuzi mezani, hakuna aliyeutazama. Kesho alfajiri, kasema! Nilijua tu. Mtoto huyu alinidanganya kisimani, eti hawezi tena.

Nitaamka kabla yake.