Kundi Zima la Mashine, kwa Amri Moja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyetuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naambiwa uko njiani. Ndugu dereva wa Mwakilishi, uliyetangulia kutuletea kiti chake. Waheshimiwa wakuu wa vitengo, makaimu wakuu wa vitengo, na nyinyi mnaowakaimu makaimu. Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi na wajumbe wa Kamati ya Kutathmini Maandalizi. Ndugu zetu wa ulinzi pale mlangoni. Mabibi na mabwana, wananchi, wateja wetu mliokaa na mliosimama: naomba niseme kwamba itifaki imezingatiwa, na kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu, nitaizingatia tena mwishoni.

(Makofi kutoka meza kuu.)

Mimi, kama Mkurugenzi wa Idara ya Usajili, nimefarijika kupita kiasi kuona ukumbi umefurika namna hii, watu wamejaa mpaka madirishani, akina mama na watoto migongoni, wazee na fimbo zao, wote mmeacha shughuli zenu kuja kunisikiliza, jambo linaloonyesha imani kubwa mliyonayo kwa idara hii na, kwa unyenyekevu niseme, kwa mtu anayeiongoza.

(Sauti kutoka nyuma: "Walinzi wamesema ukitoka unapoteza nafasi kwenye foleni!")

Hiyo nayo ni imani, ndugu yangu, ila ni imani yenye usimamizi.

Ndugu wananchi, ili tujue tunakokwenda hatuna budi kutazama tulikotoka. Idara hii ndiyo inayotoa vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo, maana yake hakuna binadamu katika eneo letu aliyezaliwa kikamilifu mpaka sisi tuseme kazaliwa. Sasa, huduma hiyo nyeti tuliitoaje zamani? Tuliitoa kwa dirisha namba tatu! Pale alikaa karani mmoja, huyu mama anayenimiminia maji hapa jukwaani, ana mhuri mmoja na kidau cha wino. Mwananchi anafika, anajieleza, karani anajaza cheti, anagonga mhuri, pa! Mtu kaondoka. Nawauliza, hiyo ni huduma? Huo ni uholela! Mtu anakuja asubuhi na asubuhi hiyo hiyo kaondoka, hajapitia mchakato, hajafanyiwa upembuzi yakinifu, hajahudhuria hata semina!

(Makofi hafifu. Mwananchi mmoja: "Turudishieni huo uholela!" Kicheko.)

Nikasema liwalo na liwe. Nililifunga dirisha namba tatu kwa kufuli, kwa mikono yangu hii mnayoiona, nikampangia karani majukumu ya kimkakati ya maji ya kunywa, na mhuri wenyewe ninao hapa mfukoni mwa koti, nitaukabidhi kwenye jumba la makumbusho ili wajukuu zetu waone tulivyoteseka.

(Mkurugenzi anaonyesha mhuri, anaurudisha mfukoni.)

Na badala yake nini? Badala yake, wananchi, ni mashine pepe! Msiogope, nitafafanua kwa kina na mapana. Mashine pepe ni kompyuta kama kompyuta nyingine, isipokuwa haina bati, haina waya, haikai mezani kwa mtu. Inakaa winguni, yaani katika maghala ya kompyuta ya watu wengine huko mbali, wewe unaitumia kwa kuiamrisha tu. Na idara yenu haina mashine pepe moja, kwa sababu moja ni umaskini wa fikra. Idara yenu ina kundi! Kundi zima la mashine, zote zinafanana, zote zimetengenezwa kwa kiolezo kimoja, moja ikiugua nyingine inashika nafasi yake bila hata kuandika barua ya kuomba ruhusa. Watumishi wangu, mmesikia hapo?

(Watumishi wanatazama chini.)

Basi, mashine hizi nazo zinahitaji kusasishwa, kutiwa programu mpya, vinginevyo zinachakaa. Ukiwa na mashine moja, unaisasisha kwa mkono. Ukiwa na kundi, unafanyaje? Uzizungukie moja moja kama mtu anayegawa chanjo? La hasha! Unatumia mstari wa amri. Hakuna picha za kubonyeza, hakuna vidude vya rangi rangi. Ni skrini nyeusi, unaandika mstari mmoja wa maneno, unabonyeza, kundi zima linatii! Mimi nimeongoza watu miaka na miaka, sijawahi kuona kundi likitii kwa mstari mmoja. Nyumbani kwangu ndiyo usiseme.

(Kicheko. Binti wa Mkurugenzi, aliyekaa mstari wa mbele akiwa na gauni la harusi, hacheki.)

Na kwa kuwa nimeitaja nyumba yangu, nimtambulishe rasmi. Yule pale ni binti yangu wa pekee, na kijana aliye pembeni yake, anayetazama saa kila nikimeza mate, ni mkwe wangu, nesi kwa taaluma. Ndoa wameifunga juzi, mimi mwenyewe nilihutubia, wengine mlikuwepo na mnakumbuka chakula kilivyopoa. Kilichobaki ni cheti. Mkwe wangu anasafiri leo hii kwenda kufanya kazi nchi ya mbali, mkataba wa miaka miwili, na wenyeji wake wamesema waziwazi kwamba mke asiye na cheti cha ndoa hapandi chombo. Sasa ningeweza, kama baba, kumpendelea binti yangu. Ningeweza kufungua dirisha kwa siri. Nikakataa! Nikamwambia, mwanangu, wewe utakuwa raia wa kwanza kupata cheti kutoka winguni, tulia, mfumo unasasishwa.

(Binti: "Umeniambia hivyo tangu posa, baba.")

Na nilisema kweli, mama. Sisemi uongo mimi, nasema taratibu.

Turudi kwenye mada. Vitabu vya wataalamu vinashauri kundi lisasishwe kwa awamu: unatangulia na mashine moja, unaitazama kama itakohoa, haikukohoa, unachukua chache nyingine, huku zilizobaki zinaendelea kuhudumia watu, kama familia yenye bafu moja inavyooga kwa zamu huku wageni wako sebuleni. Ni ushauri mzuri, kwa watu waoga. Mpwa wangu, ambaye ndiye Mtaalamu wetu Mkuu wa Mitambo, niliyempata baada ya mchujo mkali wa ukoo mzima, aliponiuliza, "Mjomba, tuziguse ngapi kwa mpigo?" nilimjibu bila kupepesa macho: zote! Idara hii haifanyi mambo nusu nusu.

(Mpwa ananyosha mkono.)

Shusha mkono, mpwa wangu, maswali ni baada ya chakula.

(Mpwa anashusha mkono.)

Takwimu zinajieleza zenyewe. Tangu mradi uanze, kuridhika kwa wananchi kumepanda kwa asilimia mia moja na kumi na nne. Malalamiko dirishani yameisha kabisa, kwa kuwa dirisha halipo. Foleni imepungua urefu na kuongezeka upana. Watumishi wote wamejengewa uwezo, wengine wamejengewa mara mbili mpaka wameomba likizo. Na umeme unaotumiwa na mashine zetu, wananchi, jamani, hapa naomba mnisikilize, mhasibu alidhani mita imekufa! Hazili chochote! Hazijawahi kuharibika hata siku moja, hazijaingiliwa na wezi wa mtandao, hazijawahi kuchelewa kazini. Nionyesheni idara nyingine yenye rekodi hiyo.

(Makofi kutoka meza kuu. Bwana harusi anasimama: "Mzee, samahani, gari liko nje linanguruma.")

Liache lingurume, mwanangu, linashangilia. Na sasa, bila kupoteza muda zaidi, kitu ambacho sijawahi kukipoteza, nashuka kufanya uzinduzi. Kompyuta ile pale. Amri imeshaandikwa, tumeifunika kwa kitambaa, na juu ya kitufe cha kuingizia tumefunga utepe. Mkasi! Mkasi uko wapi? Kamati ya Maandalizi, mmekaa vikao vyote vile, mkasi hamna? Asante karani. Nikisema "Kundi," nyinyi semeni "Limesasishwa!" Kundi!

(Wananchi wachache: "Limesasishwa.")

Na wa mlangoni! Kundi!

(Walinzi: "Limesasishwa!" Utepe unakatika. Waya wa kipanya cha kompyuta nao unakatika. Mkurugenzi anabonyeza. Ukutani yanatokea maandishi makubwa: "Usasishaji umekamilika. Zilizosasishwa: 0 kati ya 0. Zilizoshindwa: 0.")

Mmeona! Hata kikohozi sikumaliza! Someni wenyewe, zilizoshindwa sifuri! Mashine hata moja haikukwama, haikulalama! Nilisema mimi, nilisema! Binti yangu, simama, cheti chako kinashuka.

(Hakuna kinachoshuka. Binti anasimama: "Baba, na hiyo ya juu yake? Sifuri kati ya sifuri. Mashine ziko ngapi?")

Mama, usichanganye takwimu mbele za watu. Hiyo ni... mpwa wangu, hebu waeleze wananchi hiyo sifuri ya juu ni lugha ya kitaalamu.

(Mpwa anasimama: "Mjomba, ni sifuri tu. Kundi nililifungua, lina jina zuri kabisa, ila mashine ndani hamna. Nilikuja ofisini uidhinishe idadi, ukaniambia nisikusumbue, unaandika hotuba. Nikaja tena, ukasema uko kwenye salamu. Mara ya tatu ukanifundisha kupiga makofi." Kicheko kinaanzia nyuma na kufika meza kuu.)

Tulieni! Tulieni jamani. Kaeni. Katika hili lazima tuwe na mtazamo chanya. Amri imekwenda kwa kundi zima, sivyo? Na kundi zima limetii, sivyo? Kama kundi halina kitu, hilo ni suala la maudhui, halihusiani na utendaji! Mashine ambayo haipo haizimiki, haiibiwi, haichakai. Nchi ngapi zimefikia hatua hiyo? Sasa ninyi mnacheka, lakini wataalamu wakija...

(Bwana harusi anakunja mikono ya shati, anakaa chini, anafunika uso. Binti anapanda jukwaani, anasimama mbele ya baba yake, ananyosha kiganja: "Nipe mhuri, baba.")

Binti yangu, huu ni wa makumbusho.

("Gari likiondoka bila mimi, mimi na mume wangu tutaonana baada ya miaka miwili. Nipe mhuri.")

Kuna utaratibu, mama. Kukiwa na mhuri leo, watu watauliza kwa nini hakukuwa na mhuri jana na juzi. Watasema Mkurugenzi alifunga dirisha akafungua hewa. Watasema... Usinitazame hivyo. Wananchi, hivi ndivyo alivyonitazama alipokuwa darasa la tatu, alipokuwa wa kwanza, nikaalikwa kugawa zawadi, nikahutubia mpaka jua likazama na zawadi ikagawiwa gizani kwa mtoto mwingine. Hakulia. Alinitazama tu, hivi hivi. Nyumbani nikamwambia utapata mwakani. Mwaka huo ulipofika, nilihutubia tena.

(Mkurugenzi anatoa leso, anafuta shingo.)

Karani, cheti kimoja unacho? Kumbe umekibeba chini ya sinia muda wote huu, na umeshakijaza. Sawa, tutalizungumza ofisini. Hapana, hatutalizungumza. Lete hapa. Wino? Umekauka. Bila shaka umekauka, dirisha limefungwa. Basi nifanye kama enzi zile nilipokuwa karani mimi mwenyewe. Enhe, nilikuwa karani, dirisha hilo hilo, msishangae.

(Mkurugenzi anausogeza mhuri mdomoni, anaupulizia pumzi ili wino ulainike. Kipaza sauti kinapokea: "Haaaa!" Anagonga: pa! Ukumbi unalipuka kwa makofi, safari hii kuanzia nyuma.)

Haya. Nenda, mwanangu. Baba amechelewa, na baba anaona aibu. Nenda kabla sijaongeza neno.

(Binti anambusu shavuni, anasema kwenye kipaza sauti: "Hotuba yako nzuri kuliko zote ni hiyo ya haaa." Anashika gauni, anamshika mumewe mkono, wanakimbia. Nje gari linapiga honi, linaondoka.)

Kwa hiyo, ndugu wananchi, kama ilivyokuwa katika mpango mkakati wetu tangu awali, sasa tumeingia rasmi katika Awamu ya Pili, ambayo kitaalamu tunaiita Mhuri wa Kiganjani, teknolojia isiyotegemea wingu, mvua wala jua. Hitimisho langu ni fupi. Itifaki, kama nilivyoahidi, naizingatia tena. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, popote ulipo njiani, rudi tu, kiti chako amekikalia mama mjamzito. Naishukuru Kamati ya Maandalizi kwa kukosa mkasi. Namshukuru mpwa wangu, ambaye kuanzia kesho atatafuta kazi kwa mjomba mwingine. Na kwa namna ya pekee kabisa nazishukuru mashine zetu pepe, ambazo mpaka ninapomaliza hotuba hii hakuna mtu aliyewahi kuzikodi, kuziwasha wala kuziona, na ambazo kwa miezi yote hii zimefanya kazi kwa kiwango kile kile nilichofanya mimi. Kundi!

(Wananchi wote: "Hamna kitu!")

Asanteni sana. Msisukumane. Karani, kaa hapa, andika, mimi nitapuliza. Wenye vyeti vya kuzaliwa watangulie, watoto wasije wakawa watu wazima hapa hapa. Wa kwanza ni nani? Mama mwenye mtoto mgongoni, sogea. Jina la mtoto? Zuri. Haaaa.

(Pa!)