Kidole cha Ami Larusi

Enyi wenye masikio, sogeeni! Wenye haraka, ziwekeni chini, kwani nawasimulia siku ile ya Ramadhani ambapo kinu cha zeituni cha Haji Sadok, pale Sfax, Tunisia, kilitikiswa na vita kuu juu ya glasi moja ya maji.

Adui alikuwa maji machafu yabakiayo zeituni zikikamuliwa, meusi tii, yenye sumu ya kuua mti hadi mzizi. Dhidi yake alisimama Monjia binti Ferjani, Bibi wa Nyaya, Mshika Mabati Mawili, aliyeapa kuyasafisha kwa umeme upitao kati ya mabati hayo. Haji alimpa hadi alasiri: glasi isipotakata, lori litayamwaga bondeni, na bondeni ndiko iliko mizeituni kumi na moja ya baba yake Monjia.

Monjia akawasha mtambo. Mshale wa kipimo cha umeme haukusogea hata unywele! Maji yalitaka chumvi ili umeme upite, na gunia la chumvi lilikuwa tupu. Akakimbilia jikoni, mpishi hayupo, akarudi na makopo mawili yasiyo na maandishi. Moja chumvi, jingine sukari, na sukari ingezidisha uchafu. Nani aonje? Majemadari wote wamefunga. Wakasukumiana, dereva wa lori akidai kuonja na kutema kunaruhusiwa, ila yeye hajui kutema vizuri.

Ndipo akainuka mlinzi, Ami Larusi, Simba wa Lango, ambaye ucha Mungu wake ulisifiwa kinu kizima.

"Nipeni mimi."

"Ami, utaharibu saumu yako," akasema Monjia.

"Saumu ipi, mwanangu? Nina kisukari. Daktari kanikataza kufunga, mwaka wa nne huu. Nakula mkate nyuma ya magunia kama mwizi."

Shujaa akachovya kidole katika kopo la kwanza, akalamba.

"Hii sukari. Daktari asijue."

Kopo la pili likamiminwa. Mshale ukaruka, povu likafura, na kabla ya adhana ya alasiri glasi ikasimama mezani, manjano hafifu kama chai ya mgonjwa. Haji akaitazama, akaona vidole vyake upande wa pili. Akaamuru lori lizimwe.

Kisha akabeba kiti chake mwenyewe hadi langoni.

"Kaa hapa, Larusi. Mkate wako uwe unaulia hapa."

Andikeni basi, enyi waandishi wa tarehe: siku hiyo mizeituni kumi na moja iliokoka, na mzee mmoja akala mchana, mbele za watu, amekaa.