Mkwe Kwenye Usaili wa Babu

Habari iliyotuchafulia kahawa hapa kijiweni Iyunga ilitoka kwenye ile shule ya Kiingereza yenye mabasi ya njano. Eti kuanzia mwaka huu mtoto hapokelewi darasa la kwanza mpaka mzazi naye ahojiwe kwa Kiingereza. Mimi nikasema wangewavisha wazazi kaptula na soksi kabisa tujue moja.

Amos hakucheka. Huyu tunamwita Mabati, ndiyo biashara yake. Anamlea mjukuu wake Bupe, na ameshajiapiza kwamba mtoto huyo hatakuja kubabaika mbele ya Mzungu kama anavyobabaika yeye. Usaili ulikuwa Jumatatu.

Ambrosi akajitwika kazi ya kumnoa. Ni Mhehe wa Kilolo, mwalimu mstaafu, jina lake kijiweni ni Chaki. Akadai mtego wao siku zote ni vitenzi vya kumfanyisha mtu kitu. Ukisema "I made him go," hiyo "to" usiiweke. Ukisema "I got him to go," iweke. "Let" inakwenda kama "make". Wiki nzima Mabati akawa anayahubiria malori ya barabarani.

Moiz, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, tunayemwita Spana, akabetua mdomo.

"Sisi mtu tunamlisha, tunamsomesha, tunamkimbiza, neno moja, kwisha kazi. Hawa wakitaka kumtuma mtu sokoni, kwanza waulizane 'to' ikae wapi."

Chaki akamwambia ujinga nao ni mtaji, ndiyo maana duka lake halifilisiki.

Jumatatu, kahawa haijapoa, Mabati huyo anarudi, amevaa suti ya harusi, Bupe mkononi. Nikamuuliza kama wamemwangusha. Akasema hapana, akakaa, akatusimulia.

Kumbe aliyekaa nyuma ya meza ya usaili ni Anjela, mke wa mtoto wa kaka yake, aliyehamia shule hiyo wiki ileile. Kwa Wanyakyusa huyo ni mkwe wake kamili, na kwa heshima mkwe na baba mkwe hawatazamani usoni wala hawakai chumba kimoja. Mjini wengi wameshaacha, ila ukoo wa Mabati bado. Anjela akajifunika kitenge, akajibanza nyuma ya kabati. Mabati akageukia ukutani. Usaili ukakwama hapo.

Mwalimu mkuu, mtu wa kuja, akaingia akifoka kwamba hapa ni kazini, mila ziachwe getini. Akamwamuru Anjela atoke amtazame mzee usoni, la sivyo aandike barua ya kuacha kazi. Kisha akamgeukia Mabati amwamrishe mkwe wake mwenyewe. Mabati, uso bado ukutani, akamjibu, "I will not make her look at me." Yaani hatamlazimisha.

"Mkuu akapiga makofi," Mabati akatuambia. "Kwamba Kiingereza hicho hakina doa, nimefaulu, nikachukue sare."

"Sare iko wapi sasa?" Spana akauliza.

"Sikuchukua. Mtoto wa watu analia nyuma ya kabati, yeye anapiga makofi. Imeniuma, jamani. Nikamwambia Anjela asitoke mpaka niondoke, nikamshika Bupe mkono, nikampitisha shule ya msingi ya serikali hapo juu. Ameshaandikishwa."

Chaki akapandwa na hasira. Akasema wiki nzima amemaliza pumzi zake bure, nafasi Mabati ameipata halafu ameitupa kwa sababu ya kitenge.

"Umenifundisha vizuri, Mwalimu," Mabati akasema. "Ila mjukuu wangu hawezi kulelewa na mtu yule."

Chaki akajifanya anatafuta kofia yake.

Spana akamsogezea Mabati kikombe. "Na huyo mkuu, wakwe zake wanamtazama usoni?"

"Watakuwa wanamtazama tu," Mabati akasema. "Ndiyo maana heshima anaitafuta kwa Kiingereza."