Kamera ya Anga Yaomba Uhamisho

Usijifanye hukulisikia tangazo. Ulilisikia, ukageuza shingo kama kawaida yako: "Idara ya Uangalizi wa Mbingu inayo furaha kuutaarifu umma kwamba mbingu sasa iko chini ya uangalizi." Kamera ikafungwa juu ya paa, Mkurugenzi akakata utepe, na kwa mkono wake akajaza kwenye kompyuta mahali kamera ilipo. Makofi.

Tangu hapo, kila asubuhi picha zilitoka nyeupe pe.

Aliyeandikiwa barua ni Mama Pacha, fundi: alete picha yenye wingu kufikia Ijumaa, la sivyo kazi hana. Wingu lenyewe lilikuwa pale dirishani, nono, linamchungulia. Mama Pacha hakucheka. Alimkumbuka mpima mvua, aliyefukuzwa mwaka wa ukame kwa uzembe.

Ubaya aliuona kwa dakika mbili. Mbele ya namba ya longitudo, Mkurugenzi alikuwa ametia alama ya kutoa. Basi programu ikaamini kamera iko magharibi ya mbali, katikati ya bahari, ambako jua huchelewa karibu saa tano. Saa tatu asubuhi, jua linachoma utosi, yenyewe inadhani bado ni usiku. Inakodoa jicho sekunde thelathini ili inase nyota, mwanga unafuta kila kitu.

"Bosi, niifute hiyo alama tu."

"Kufuta alama ni kubadilisha mahali. Kubadilisha mahali ni kuhamisha mali ya serikali. Kibali unacho?"

"Si kamera itabaki palepale?"

"Mama Pacha, usinichanganye. Kwenye kompyuta itasogea, haitasogea?"

"Itasogea."

"Haya. Jaza fomu."

Akajaza, nakala nne. Kifaa kiko wapi kwa sasa? Baharini. Msimamizi wake nani? Mkurugenzi.

Alhamisi Wizara ikajibu, mhuri juu ya mhuri: "Uhamisho umekataliwa. Na kwa kuwa msimamizi hutakiwa kukaa kilipo kifaa, Mkurugenzi aripoti kituoni Jumatatu."

Mkurugenzi aliisoma mara tatu.

"Dada yangu, hapo mahali pana nini?"

"Maji, bosi."

"Kisiwa hata kidogo?"

"Maji tu."

"Sasa si uifute hiyo alama?"

"Kibali kimekataliwa. Labda aliyeiweka aifute mwenyewe. Kwa maandishi."

Mkurugenzi akachukua karatasi, akaandika: Alama niliiweka mimi, naifuta mimi. Ijumaa asubuhi wingu likatokea kwenye picha, limetulia kama mgeni aliyekwishakaribishwa. Mama Pacha akaipeleka picha Wizarani, na ile karatasi ya Mkurugenzi ameibana nyuma yake.

Jumatatu Mkurugenzi alipata barua yake. Alitakiwa aeleze kwa nini alihamisha mali ya serikali hadi baharini, kisha akairudisha, safari zote mbili bila kibali. La sivyo, kazi hana.

Na wewe? Ofisini kwako leo hii kuna mtu amebebeshwa kosa la mkubwa, na unamjua kwa sura. Weka chini unachosoma. Nenda ukaseme, mbele ya watu, nani aliyejaza ile namba.