Mama Pindo na Chupa ya Mtindi

Sogeeni, enyi mnaojipepea kwa vifuniko vya ndoo, nanyi waume mnaouliza dirisha limefunguliwa na nani. Nyamazeni niwasimulie siku ambayo Mama Pindo, fundi cherehani, Mshinda Zipu, Bingwa wa Kola, aliitetea chupa moja ya mtindi.

Miaka miwili alikuwa vitani na Joto, lile linalowajia wanawake hedhi ikishaaga, adui asiyebisha hodi, apandaye kutoka kifuani hadi utosini. Tumbo nalo likaingia uasini, likajaa gesi. Nesi wa maneno machache akamwambia, "Jaribu mtindi wenye bakteria hai, mama. Tumbo huenda likatulia. Kuhusu joto, siwezi kukuahidi kitu." Akajaribu. Mwezi haujaisha, tumbo likasalimu amri. Joto likamcheka.

Ndipo asubuhi moja ya mvua mumewe, Mfalme wa Friji, akala chupa nzima, akabakisha kijiko kimoja kwa adabu. Kijiko hicho kilikuwa mbegu ya mwisho, kwani duka lililouza mtindi ule lilikuwa limeshafungwa. Mama Pindo akachemsha maziwa, yakapoa kiasi, akayatia mbegu, akayamimina chupani. Na papo hapo jiko likaishiwa gesi. Maziwa yalitaka uvuguvugu hadi alasiri, la sivyo ukoo wote ungepotea. Akaivisha chupa sweta lake, akaipakata, akaenda kazini.

"Wifi," akasema mshona vifungo, dada wa mumewe, "umezaa lini tena?"

"Leo asubuhi. Baba yake ni kaka yako, na ndiye aliyekula ndugu zake wote."

Wifi akaipapasa chupa. "Mtoto anapoa, wifi. Tuanze kuchangisha sanda."

Hapo, kutoka mabonde ya kifua, Joto likapanda na majeshi yake. Siku zote shujaa wetu angekimbilia mlangoni, akijipepea kwa karatasi za kukatia magauni. Siku hiyo hakukimbia. Akaibana chupa kwapani, akanena:

"Njoo, ewe mlowesha mashuka, mfukuza mablanketi. Miaka miwili umekaa kwangu hujaosha hata sahani. Leo utafanya kazi."

Likaja. Miwani ikaingia ukungu; wifi akasogeza kiti, akanyoosha viganja kama anayeota moto. Likaja mara nne hadi alasiri, na mara zote nne likakamatwa, likatiwa chupani.

Kisha, mbele ya cherehani tatu na mteja aliyefuata suruali yake, Mama Pindo akainamisha chupa. Mtindi haukutikisika.

Wifi akasogeza bakuli lake taratibu. "Wifi, na uji wangu huu umepoa. Likikujia tena, usinisahau."

Mumewe alipokuja kumchukua, mwavuli mkono huu, kijiko mkono ule, alikuta mbegu imeshatengwa kwenye kikopo, na juu ya kifuniko, kwa chaki ya mafundi: KAKA WA WIFI ASIGUSE.

Basi watunza tarehe na waiandike siku hiyo. Miaka miwili Joto lilitawala. Siku hiyo liliajiriwa, bila mshahara wala likizo.