Machozi ya Pijo la Makongeni

Patrobas Kweyu alikuwa na pua mbili: moja ya kunusa chakula, na nyingine, kali zaidi, ya kunusa gari la mjane. Wiki mbili kabla ya Krismasi ya mwaka 1994, pua hiyo ya pili ilimsimamisha ghafla nyuma ya nyumba za Reli kule Makongeni, Nairobi. Chini ya turubai lililochanika palikuwa na gari la Pijo 504, steshen wagoni, taa zote nzima, na chini ya Pijo palikuwa na kidimbwi kidogo cha maji.

Kweyu alichutama, akachovya kidole, akanusa. Maji ya rejeta, tena yenye kutu. Akatabasamu. Gari linalovuja maji, kwa asiyejua, ni gari lililokufa. Kwa anayejua, ni gari lenye kiu tu.

Na gari alilihitaji, tena haraka. Mwaka mzima alikuwa akiandika barua Bungoma kwamba Desemba hii angefika nyumbani akiendesha lake. Mamake aliamini kila herufi. Alikuwa amekwisha kukata miti miwili langoni ili gari la mwanawe lipite bila kuchubuka. Sasa Kweyu asipofika na gari, ingembidi apite katikati ya visiki hivyo kwa miguu, begi begani, kijiji kizima kikimtazama. Wazo hilo lilimnyima usingizi chumbani mwake Huruma.

Kwa haki tuseme kwamba Kweyu alikuwa fundi wa kweli. Angeamua kula jasho lake, leo angekuwa na gereji na vibarua sita. Lakini jasho lake mwenyewe halikumpendeza, na la wengine lilikuwa tamu.

"Hodi hapa! Bwana asifiwe, mathe!"

Mama Mbithe alitoka akifuta unga mikononi kwa leso. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Kweyu alimpima kwa jicho moja akammaliza: mjane, chapati, Biblia.

"Hii gari ni ya nani, mathe?"

"Ya baba Mbithe, Mungu amlaze pema. Ilianza kuchemsha akiwa hai. Akafa, ikaendelea kuchemsha."

"Pole sana. Mimi ni fundi. Wacha niiangalie, bure tu, kwa sababu ya Krismasi."

Ndugu msomaji, mitaa hii ya Eastlands ukisikia neno bure, shika mfuko wako kwanza. Koti la Kweyu lilikuwa na kichupa cha maziwa. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipitisha katika kiganja kilichokwisha kulowa maziwa, kisha akamwonyesha mama wa watu.

"Unaona hii nyeupe? Maji imeingia kwa oili. Enjini imepasuka huko ndani." Akavua kofia. "Hii ni kansa, mathe."

"Kansa!"

"Tena ya mwisho. Hii sasa ni chuma kuukuu. Lakini mimi nina roho ya huruma. Naweza kukuondolea hiyo takataka, nikuachie kitu kidogo cha sukari."

Akataja bei ambayo isingenunua hata magurudumu. Mama Mbithe alijipangusa jicho kwa ncha ya leso.

"Chukua tu, mwanangu. Utanilipa siku itaondoka."

Kweyu alivaa kofia upesi. "Basi kesho naleta watu tuivute."

"Kuivuta?" Leso ilimwanguka. "Ai! Kwani wewe ni mtu wa wapi?"

"Bungoma."

"Ndiyo maana hujui. Kwetu Ukambani gari ya marehemu haivutwi. Ni lazima itoke kwa nguvu yake. Na haiwezi kutoka ikidondosha maji. Hayo ni machozi, kijana. Inamlilia mwenyewe. Sasa mtu akiichukua ikiwa inalia..." Akamtazama magoti.

"Akiichukua ikilia?"

"Muulize Mutisya, shemeji yangu. Lakini umuulize polepole. Siku hizi magoti yake hayakunjiki, na hapendi kuulizwa."

Kweyu alikuwa Mkristo, tena aliyebatizwa mara mbili katika makanisa mawili tofauti, kwa usalama. Lakini tangu utotoni watu wa kwao walikuwa wamemjaza habari za dawa za Ukambani: mwizi aliyenasa ukutani hadi mwenye nyumba akarudi kutoka safari, mwingine aliyeiba mbuzi akaanza kula nyasi. Imani ni ya Jumapili. Magoti mtu huyahitaji kila siku.

"Basi," alisema, "nitaituliza kwanza."

Jumatatu alikuja na vifaa. Alitandika katoni kavu chini ya enjini aone tone linaangukia wapi, na yakaanguka mawili, moja mbele, moja nyuma. Akatoa kifuniko kikuukuu cha rejeta alichokitoboa na kukitia vali ya mpira wa baiskeli, akakifunga, akaunganisha pampu ya baiskeli. Maji yakisukumwa na hewa hujisema yenyewe yanakotokea. Kisha akaipangusa enjini yote ikauka, akaomba konzi moja ya unga wa ngano, akaunyunyiza kila mahali.

Mama Mbithe alimpa unga bila kuuliza wa nini. Hata alimshikia pampu, akapiga taratibu, asizidishe. Kweyu hakushangaa, na hapo ndipo alipokosea.

Kitu kimoja kilimchekesha. Rejeta ilikuwa mpya. Pampu ya maji nayo ilikuwa mpya. "Kuna wajinga waliweka vitu hapa wakaacha!" alijisemea, akawashukuru wajinga hao kutoka moyoni.

Unga ulilowa kwanza kwenye mpira wa chini wa rejeta, mahali palipokuwa na ufa mwembamba uliojificha nyuma ya klipu. Akanunua mpira mpya. Asubuhi yake tone la mbele lilikuwa limekoma, la nyuma lipo.

"Bado inalia," alisema Mama Mbithe mlangoni, kwa huzuni kubwa.

"Naona, mathe."

"Ilimpenda sana."

Siku ya tatu, amelala chali kwenye gunia, uso umejaa matope na unga, Kweyu alikiona chanzo: kifuniko kidogo cha chuma, mviringo, kinachoziba tundu ubavuni mwa enjini, nyuma kabisa ambako hakuna fundi mvivu anayefikisha tochi. Kutu ilikuwa imekitoboa tundu la sindano. Kukifikia kulitaka afungue stata na mabomba ya moshi, na nati za Pijo hilo zilikuwa hazijaguswa tangu Mfaransa azikaze. Alichubuka vidole vinne. Alitukana kwa lugha tatu, kisha akakumbuka marehemu anaweza kuwa anasikia, akaomba radhi kwa zote tatu.

Kifuniko kipya kilipatikana Grogan, kwa wauza vipuri, na bei yake ilikula redio kaseti aliyokuwa amemnunulia mamake. Aliiuza kwa uchungu. Lakini mama akiona gari, alijipa moyo, atakumbuka redio ya nini?

Tarehe ishirini na tatu asubuhi Kweyu alikuja na begi la safari, na Pijo liliwaka. Likanguruma saa nzima bila kuchemsha, mshale wa joto ukitulia katikati. Katoni chini yake ilikaa kavu. Kweyu aliipapasa kwa kiganja, akaipapasa tena. Alijiona kesho yake anapita langoni polepole, mkono nje ya dirisha, anawapungia wote.

"Imenyamaza!" alipaza sauti. "Mathe, imeacha kulia!"

"Bwana asifiwe!" Mama Mbithe alitoka. Alikuwa amevaa gauni la safari. Nyuma yake alikuja binti yake Mbithe na mizigo, kisha majogoo wawili waliofungwa miguu. Wakaanza kupakia.

"Mathe, mnaenda wapi?"

"Mwingi. Si ni Krismasi?"

"Na nini?"

"Na gari."

"Lakini tulikubaliana! Uliniuzia!"

"Nilikuuzia gari iko na kansa," alisema mama kwa upole uleule. "Hii imepona. Umeona nani akiuza mgonjwa wake akishapona? Ama haikuwa na kansa, fundi?"

Kweyu alifungua kinywa. Ukweli ulikuwa hapo hapo kwenye ulimi, ila ulikuwa unanuka maziwa. Akakifunga.

"Na ile mila yenu?" aliuliza mwishowe.

"Mila gani ya gari, kijana? Kwani magari si yalikuja na Wazungu?"

Mbithe alicheka hadi akaangusha jogoo. Mamake aliketi nyuma ya usukani, akasogeza kiti mbele.

"Miaka ishirini na mbili nimekuwa karani wa stoo ya vipuri," alisema. "Hayo maziwa yenu nayajua. Rejeta aliweka Luseno wa Kaloleni. Pampu ni ya Nabiswa, yule wa Jericho. Hao pia walikuwa na roho ya huruma, wakashindwa na hiyo tundu ya nyuma. Wewe ndiye fundi, haki ya Mungu. Ingia tukufikishe steji ya basi."

"Wote ni watu wa kwetu," Kweyu alinong'ona.

"Sasa Mkamba angeiamini vipi hiyo mila?"

Aliingia nyuma, akapakatishwa jogoo. Hasira ilimchemka hadi masikioni. Aliwaza visiki viwili vya langoni, na mamake amesimama kando yavyo akimngoja, na aibu ikamuuma vibaya. Lakini Pijo lilipoingia Jogoo Road na kupanda gia ya tatu, sikio lake lilimsaliti. Enjini ilikuwa inaimba. Ile ilikuwa kazi yake, hakuna mwingine mjini aliyeiweza, na Kweyu akajikuta anajivunia, akajikasirikia kwa kujivunia.

Steji, mama alimpa nauli ya Bungoma. "Na huyo jogoo ni wa mamako. Mwambie amezaa fundi."

Kweyu aliteremka. Basi la kwao lilikuwa limekwisha kuwasha enjini, utingo akipiga bati kuita wa mwisho. Mama Mbithe akatoa kichwa dirishani.

"Ndugu yangu Kisilu ana pikapu ya Datsun huko nyumbani. Imesimama mwaka mzima, maji haikai. Amechoka nayo, anataka kuiuza bei ya chuma tu."

Kweyu alijua ni mtego uleule. Alijua tangu neno la kwanza hadi la mwisho, kama anavyojua spana zake gizani. Akamtazama mama, akalitazama basi, akaweka begi chini, jogoo bado yuko kwapani.

"Inavuja wapi?" aliuliza.